Vichaka Nilivyong'oa Vikiwa Hai

Kibwezi, Ukambani
Mwezi wa kumi, mwaka wa pili wa Uhuru

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Mulembe pia kwa shemeji Rasoa, mke wa kaka, maana najua ndiye aliyeishika karatasi hii na kukusomea, akigeuza Kiswahili changu kiwe Kikabras sentensi baada ya sentensi. Unisamehe, Mama. Lugha yetu naizungumza vizuri, lakini nikishika kalamu inanikimbia, kwa sababu shuleni tulifundishwa kuandika barua kwa Kiswahili tu. Rasoa, wewe nakuomba kitu kimoja: usiruke mstari. Nakufahamu. Ukifika mahali unapoona Mama amekunja uso, usinionee huruma, soma tu.

Mimi sijambo. Nakula, nalala, na miguu inanibeba kwenda kazini. Tunakula ugali wa yale mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli kwa ajili ya njaa, na ningekueleza ladha yake ila wewe ni mtu wa kanisa. Obusuma wa nyumbani nimeuota mara mbili, na paja la ingokho, kuku wetu, juu yake. Je, nyinyi huko? Mguu wako uliovimba wakati wa mavuno umepungua? Lile paa la jiko kaka amelitengeneza, au bado anasema kesho? Wanaotoka huko wananiambia mvua inanyesha Malava kila alasiri kama kawaida yake, nami nikisikia hivyo naona wivu kabisa. Hapa wingu likipita watu wanatoka nje kulitazama.

Sasa niseme kilichonifanya niache kazi mchana huu na kushika kalamu. Mama, wiki iliyopita nilikutumia barua ya mistari minne. Ulikuwa umenijulisha kwamba mke wangu Nekesa amekuwa kama mtu asiyekuwapo tangu mtoto wetu azikwe. Hasemi. Halimi. Anakaa kwenye kizingiti cha jiko tangu jua linapotoka mpaka linapozama, na chakula anakigusagusa tu. Ukasema wewe na Baba Mdogo Lumbasi mmeonelea arudishwe kwao Buyangu mwezi huu ukiisha, mimi nitafutiwe mwingine mwenye nguvu. Neno lako lilikuwa "amekauka." Nami nikajibu, "Fanyeni mnavyoona inafaa."

Kama barua ile imefika, itie motoni chini ya chungu. Kama Baba Mdogo ameshavaa lile koti lake la safari, mvue. Msimrudishe Nekesa.

Najua unauliza huyu Makokha amelishwa nini na Wakamba. Sikulishwa kitu, Mama. Nilifanya kosa kazini, kosa la kijinga ambalo mtu wa huku hawezi kulifanya, na ni hilo lililonigeuza. Nivumilie nikueleze taratibu, hata kama yanahusu vichaka.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Hapa ni nyika. Usifikirie msitu kama ule wa kwao Nekesa, ambako mtu anatembea mchana kutwa kivulini. Huku ni vichaka vya kimo cha mtu, miiba mitupu, na katikati yake udongo mwekundu usio na hata jani la kufutia kisu. Kituo chetu kinachunguza vichaka hivi vinaishije bila mvua, ili wafugaji wajue mbuzi watakula nini ukame ukirefuka. Mkubwa wetu ni Bwana Kioko, Mkamba wa hapa hapa, kijana kuliko mimi. Alikwenda chuo kusomea mimea, na baada ya Uhuru ndiye aliyekalia kiti cha Mzungu. Mimi ni msaidizi wake. Nabeba mizani, napima majani, naandika kwenye daftari.

Tuna karatasi ndogo zilizolowekwa dawa. Ukizikausha juu ya taa zinakuwa buluu, na zikipata unyevu zinageuka rangi ya waridi. Tunabana moja kwenye jani kwa kibanio na kutazama saa. Bwana Kioko alinieleza kwamba jani lina vinywa vidogo mno, jicho haliwezi kuviona, na mmea unapumua kwa hivyo. Kila vinapofunguka, maji yanatoka. Asubuhi karatasi inageuka upesi kabla hujamaliza kupiga chafya. Saa nne inachelewa. Saa sita, jua likiwa utosini, unabana jani mpaka mkono unaingia ganzi na karatasi bado ni buluu. Mara ya kwanza nilidhani karatasi zimeharibika, nikabadilisha tatu. Bwana Kioko akacheka akaniambia hazijaharibika, ni kichaka kimefunga vinywa vyake kisipoteze maji kidogo kiliyo nayo.

Kila kichaka kina ujanja wake, Mama, ungependa kuviona. Kimoja kina majani magumu kama ngozi ya kiatu na hakiyapotezi mwaka mzima, kwa sababu mzizi wake umeshuka chini sana kufuata maji. Kingine kinakunja majani jua likipanda, kinayafungua likishuka. Na kuna mbambara. Hiyo ndiyo iliyonitia aibu. Mbambara haingoji kukaukiwa. Ikiona tu maji yanapungua ardhini inaangusha majani yote yenyewe, na inabaki fimbo za kijivu zenye gome linalobanduka kama karatasi ya zamani.

Lakini hayo yote kuhusu mbambara nilikuwa sijayajua bado. Nilipofika hapa mwezi wa kwanza zilikuwa na majani, nami nilipewa kupima vile vichaka vya majani magumu. Mwezi wa nane Bwana Kioko akaitwa Nairobi kwa wiki moja. Akaniachia shamba la majaribio, lenye vichaka alivyovifunga vibati vya namba. "Vilivyokufa uving'oe," aliniambia, "uandike namba zake, usafishe mahali." Hakuniambia nitavijuaje vilivyokufa. Kwake yeye hilo ni jambo linalojulikana na mtoto anayechunga mbuzi.

Mimi ni mtu wa Malava. Kwetu mti usio na jani ni kuni. Wewe mwenyewe ulinilea hivyo. Ukinituma kuni ulikuwa unaniambia wenye jani nisiuguse, usio na jani nilete. Basi nikaingia na jembe na panga. Nikaziona mbambara zimesimama uchi safu nzima, nikasema moyoni, maskini, ukame umezimaliza. Niling'oa kwa siku nne. Niling'oa na mizizi yake kwa sababu nilitaka Bwana Kioko akirudi aone kwamba Mluhya anajua jembe. Rundo likawa refu kunizidi, na vibati nikavipanga vizuri kwenye sanduku, ishirini na sita.

Siku ya nne alasiri akaja Mutheu. Huyu ni mama mjane wa rika la Rasoa, analeta maji kituoni kwa punda wawili, na ulimi wake hauna mlango. Aliliona rundo langu, akaachilia kamba ya punda.

"Asi! Makokha! Nani amefanya hii maneno?"

"Ni mimi," nikasema, nikijifuta jasho kwa majivuno. "Nimeondoa zilizokufa."

"Zimekufa? Nani alikuambia zimekufa?"

"Huoni hazina majani?"

Mama, alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyekula sabuni. Akaokota tawi, akakwangua gome kwa ukucha. Chini ya ile karatasi ya kijivu palikuwa na kijani, kijani kibichi cha maharagwe machanga, na utomvu ukatoka wenye harufu kali.

"Hii imekufa?" akaniuliza. Akashika tawi lingine, akakwangua. "Na hii? Na hii? Kwenu mti ikinyamaza mnaipigaga na jembe?"

"Kwetu mti hainyamazangi," nikamwambia.

"Basi huku inanyamaza."

Akachukua mzizi mmoja uliovimba, akaupasua kwa panga langu, akanipa nitafune. Ulikuwa umejaa maji. Watoto wa hapa wanaichimbua mizizi hiyo wakiwa na kiu malishoni, kila mtu anajua. Mutheu alipoondoka nilibaki nikizikwangua zote, moja baada ya nyingine, mpaka kucha zikauma. Nilikuwa natafuta zilizokufa kweli ili nipate pa kushika wakati wa kujitetea. Nilipata tatu.

Bwana Kioko aliporudi nilimngoja mlangoni pa ofisi nimevua kofia. Hakupiga kelele. Alikwenda mpaka kwenye rundo, akakaa juu ya debe, akashika kibati kimoja akikigeuzageuza.

"Miaka miwili, Makokha," akasema. "Miaka miwili nazipima hizi."

Nikamwambia anifukuze. Nilisema kwa moyo wote, Mama, maana ningekuwa mimi ningemfukuza mtu kama huyo.

"Nikikufukuza wataniletea mwingine kutoka Kakamega," akasema, "naye atang'oa zilizobaki. Afadhali wewe umeshang'oa zako."

Kisha akanieleza pale pale, nami nimesimama. Akasema jani ndipo maji yanapotokea, kwa hiyo mbambara inayaangusha ili ibaki na maji yake. Ule ukijani wa chini ya gome unaendelea kuipikia chakula kidogo kwa jua, na mizizi inatunza maji. Lakini akaniambia na hili, nami nataka Rasoa alisome polepole. Akasema, "Usidhani haiumii. Mmea ukifunga vinywa vyake maji hayatoki, lakini chakula pia hakitengenezwi cha kutosha. Inakula akiba. Akiba ikiisha kabla ya mvua, hapo ndipo inakufa kweli. Inaweza kungoja muda gani, hakuna anayejua. Ndilo nililokuwa nalitafuta."

Baadhi ya mbambara hizo Mutheu alizikata vipande akazichomeka ardhini kuzunguka boma lake, kwa kuwa mbambara inaweza kushika kwa tawi tu. Huenda zitaota, huenda hazitaota. Vichaka vingine nilivyong'oa pamoja nazo vilikufa moja kwa moja. Adhabu yangu ikawa hii: kuna mbambara moja kubwa iliyosalia pembeni, nifukue mizizi yake yote kwa kijiko na brashi bila kuikata, ili Bwana Kioko aichore inavyokwenda. Likizo yangu sipati mpaka nimalize. Ni wiki ya sita sasa nimo ndani ya mtaro, natambaa na mzizi kama mtu anayetafuta sindano.

Nicheke kidogo kabla sijafika penye uchungu. Karibu na banda langu iko mbambara nyingine, na kwa sababu ya majuto nilikuwa naimwagia maji yangu ya kuoga kila asubuhi, nikiisemesha, nikiigombeza, amka basi, nimekuomba msamaha. Wiki mbili, hata chipukizi moja sikuona. Mutheu akanikuta siku moja nikiihubiria akacheka mpaka akashika punda. "Unaisumbua bure," akasema. "Itaamka ikiamini mvua imekuja kweli, si hii maji ya sabuni yako."

Sasa, Mama, utashangaa. Hayo yote nilikuwa nimeshajifunza barua yako ilipofika, na bado nikaandika mistari ile minne. Kichwa changu hakikuunganisha. Niliisoma nikiwa nimetoka shimoni, mgongo unauma, nimejaa udongo na aibu, nikaona nyumbani nako mambo yameharibika. Nikakasirika na Nekesa. Ndiyo, nilimkasirikia yeye. Nikasema kwa nini hanyanyuki, wanawake wangapi wamezika na kunyanyuka. Nikaandika, nikabandika stempu, nikahisi nimetua mzigo.

Juzi Mutheu akaniletea maji kule mtaroni. Akakaa ukingoni, miguu inaning'inia, akaniuliza kama ilivyo desturi, "Nyumbani wako wazima?"

Sijui kwa nini nilimjibu ukweli. Nikamweleza habari ya mtoto, na ya Nekesa, na ya mistari minne. Nilidhani atanionea huruma.

"Mtoto alikufa lini?" akauliza.

"Mwezi wa saba."

"Na wewe ulienda kuzika?"

Nikaendelea kupiga brashi.

"Makokha. Mimi nauliza. Ulienda?"

"Sikuenda."

"Walikukataza ruhusa?"

"Sikuomba."

Akaliweka debe lake la maji chini. Kisha akasema, "Sasa mwenye amekauka ni nani? Ni yeye ama ni wewe?" Akasimama, akawaswaga punda wake, akaenda. Hata debe lake alilisahau.

Mama, hili sijawahi kulisema. Simu ya maandishi iliponifikia ilikuwa siku ya pili tangu kifo. Nilijiambia kwamba hata nikikimbilia gari moshi nitakuta kaburi limefunikwa, na kwamba ni afadhali nifanye kazi. Huo ulikuwa uongo. Ningefika siku ya wafiwa kunyolewa nywele, ningekaa na watu, ningemshika Nekesa mkono. Niliogopa. Nilikuwa nimetoka nyumbani yeye akiwa bado na mimba, sikuwa nimemwona mtoto, na nilidhani nikikaa mbali nisione kaburi itakuwa kama jambo lililompata mtu mwingine. Nekesa akasimama pale peke yake katikati ya ukoo wangu, mgeni kwenu, maziwa bado yanamtoka. Ninapoandika haya naona haya hata mbele ya karatasi.

Najua utasema mtu si mti. Ni kweli, na wewe umezika watoto wawili ukaamka siku ya pili ukaenda shamba, nami nakumbuka mmoja. Sijui ulifanyaje. Labda wewe ni wa majani magumu, mzizi wako umefika chini mahali ambapo sisi hatufiki. Nekesa si wewe. Amefunga vinywa vyake kwa sababu akivifungua kile kidogo alicho nacho kitatoka chote. Hilo si uvivu, Mama, wala si kiburi, wala hajarogwa kama walivyokuambia sokoni. Na hakuna aliyemkwangua aone kilicho chini. Mimi mumewe ndiye niliyepaswa, nikatuma stempu.

Lakini sisemi aachwe tu, maana nimekuambia alivyosema Bwana Kioko kuhusu akiba. Nami naogopa, kwa sababu tangu mwezi wa saba mpaka sasa ni muda, na sijui amebakiwa na kiasi gani. Kwa hiyo naomba. Asiitwe shambani mpaka aende mwenyewe. Uji wa wimbi awekewe karibu asubuhi na jioni, bila mtu kusimama kumhesabia vijiko. Wale akina mama wa maombi wasije wote kumi siku moja na kumzunguka wakiimba. Nawapenda, ila waje wawili wawili, wakae, waondoke. Mganga asiitwe kabisa, na Baba Mdogo asimpe siku ya mwisho ya kuwa amepona. Rasoa, wewe ukienda mtoni pita uketi naye kidogo hata kama hajibu, mweleze mambo ya kipuuzi, mbuzi gani kala nguo ya nani. Unajua mengi ya aina hiyo.

Na asirudishwe. Kule Buyangu mama yake wa kumzaa hayupo tena, yuko mke wa kaka yake tu, na mwanamke aliyerudishwa akiwa kimya hivyo atapewa pembe ya jiko na kusahauliwa. Hilo ndilo jembe, Mama. Mkimng'oa sasa atakufa, na sisemi hivyo kwa mfano.

Barua hii sikuipeleka posta kwa sababu ile nyingine imeshatangulia. Nampa dereva wa lori la kituo, kijana wetu wa Kakamega anayepeleka mbegu, naye ameniapia ataikabidhi dukani Malava kabla ya Jumamosi. Kwa Bwana Kioko nilikwenda jana, nikamweleza kila kitu, na ruhusa ambayo sikuiomba mwezi wa saba nikaiomba sasa. Akanitazama, akautazama mtaro, akasema mizizi iliyobaki ataifukua yeye mwenyewe. Kwa hiyo nafika mwezi huu ukiwa bado haujaisha, na mkinikuta nimekonda ni udongo wa hapa, msiogope.

Salamu kwa Baba Mdogo Lumbasi, ambaye tangu Baba afariki ndiye anayetusimamia. Mwambie sikulipinga neno lake kwa dharau, nalipinga kwa kosa langu, na nikifika nitakaa chini mbele yake anigombeze anavyotaka. Salamu kwa kaka yangu, mume wa Rasoa, na lile paa lake. Salamu kwa mama mkunga jirani yetu, aliyempokea mtoto mikononi na baadaye akamwosha. Na salamu kwa mchungaji wa kanisa letu aliyesimama kaburini mahali pangu.

Nekesa sijamwandikia barua yake. Nimeanza mara tatu na kuchana mara tatu. Sijui mtu anamwandikiaje mke aliyemwacha azike peke yake. Basi nifanyie hivi, Mama, nami nakuomba kama sijawahi kukuomba kitu tangu uninyonyeshe. Rasoa akimaliza kusoma, inuka, hata kama mguu unauma, ukaketi naye pale kizingitini. Usimtajie kulima. Rasoa aliniandikia kwamba tangu mazishi mmeacha kumwita kwa jina la mtoto, ili asikumbuke. Mwite kwa jina hilo. Mwite Mama Wafula. Mwambie mimi sikumwona mwanangu, na kwamba nauliza alifanana na nani.

Akinyamaza, kaa hapo hapo, umngoje.

Ni mimi mwanao Makokha,
Baba Wafula